Kwa Nini Watu wa Bondeni Huhama Bure

Ninyi mliokuja kuoa na kuolewa huku kwetu, najua mnatucheka. Mmeona jua linawaka, mbinguni hakuna hata kiwingu, mto umelala chini kabisa ya kingo zake, na bado watu wazima wanabeba vitanda, mbuzi na vibuyu kupanda kilimani, wanakula chakula baridi, kisha wanarudi nyumbani walikotoka. Mmoja wenu jana nimemsikia kwa masikio yangu akisema watu wa Bondeni tumerogwa. Hatujarogwa. Kaeni niwaambie jambo hili lilivyoanza.

Zamani mito ilikuwa na masikio. Ndivyo walivyoamini waliotutangulia, na mto wetu Lukwemba hawakuuita mto, waliuita Mgeni. Kila masika Lukwemba ulitoka kwenye kingo zake, ukatembea mashambani, ukaacha tope jeusi ambalo mpunga wake ulikuwa haumaliziki kuvunwa. Kwa hiyo walimpokea Mgeni kwa heshima zote. Maji yakianza kupanda, watu walifagia nyua, wakatandika mikeka mipya, wakakaa mlangoni kuyasubiri. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka kabla maji hayajagusa kizingiti cha nyumba yake, maana nani anamwona mgeni anaingia uani halafu anatokea mlango wa nyuma? Yakishagusa, mwenye nyumba alinawa uso kwa maji hayo, akashukuru, ndipo akapanda kilimani na watu wake.

Kiangazi nacho kilikuwa na mwiko wake. Kutaja mafuriko wakati wa jua ulikuwa uchuro. Ukiweka chakula pembeni, ukiuliza mtakimbilia wapi, ukionekana tu unafunga mzigo bila safari, walisema unamwita Mgeni aje na hasira. Mke aliyeitwa mchuro hakuombwa tena moto na majirani, na watoto wake hawakualikwa ngomani.

Msiwaone wajinga. Miaka mingi Mgeni alikuja polepole, akawapa watu nafasi ya kunawa na kuondoka. Lakini ilikuwapo miaka aliyokuja mbio, na miaka hiyo hakurudi mikono mitupu. Alichukua mbuzi, alichukua akiba ya mbegu, na mara nyingine alichukua mtu. Maji yalipokauka wazee walikaa kutafuta nani alitaja, na kila mara walimpata wa kumlaumu.

Siku hizo aliishi hapa mwanamke aliyeitwa Sikujua, mke wa Mkumbukwa, mchonga mitumbwi. Waliishi na mama yake Mkumbukwa, Bi Mwanamkuu, na huyo ndiye aliyekuwa mlinzi wa mapokezi ya Mgeni. Yeye ndiye aliyenawa wa kwanza kijijini, na yeye ndiye aliyesema nani amevunja heshima na nani hajavunja. Sauti yake ilikuwa kali, na macho yake yalifika hadi ndani ya chungu cha jirani. Lakini Sikujua alimpenda. Alipokaa miaka bila mtoto na watu wakaanza kunong'ona, Bi Mwanamkuu alisimama kisimani mbele ya wanawake wote akasema mwenye neno na mkwe wake aje alisemee kwake. Hakuna aliyekwenda. Baadaye watoto walikuja, wakajaza nyumba, na Sikujua hakusahau.

Sasa miguu ya Bi Mwanamkuu ikakataa. Ilianza kwa kuvimba magoti, ikaishia kulala kitandani mchana na usiku. Na Sikujua kila akimtandikia, wazo lilikuwa moja: Mgeni akija mbio, huyu nitamtoaje? Akamwambia mumewe.

"Mke wangu, usituletee uchuro," Mkumbukwa alisema, akiendelea kuchonga. "Tena usimwambie mama. Utamuua kabla ya maji."

Sikujua hakuacha kufikiri. Alikaa na wazo lake siku nyingi, akipepeta, akitwanga, akichota maji. Asubuhi moja akaenda kupiga magoti kando ya kitanda.

"Mama," alisema, "humu ndani joto limezidi. Watoto wanataka tukakupunge upepo kilimani. Tukale huko, turudi jua likipoa."

Bi Mwanamkuu aligeuza uso kuelekea mlangoni. Alikuwa hajaona nje ya ua ule tangu miguu ilipomshinda.

"Mtanibeba na nini?"

"Na kitanda chako mwenyewe."

Basi safari ya kwanza ilikuwa kichekesho. Sikujua alishika upande mmoja wa kitanda pamoja na mwanawe mkubwa, dada zake Sikujua wawili wakashika upande wa pili, na hata mlango hawakuupita. Kitanda kilikuwa kipana kuliko mlango. Walikigeuza ubavu, Bi Mwanamkuu akaanza kuteleza kama ndizi kwenye sinia, akawatukana wote kwa majina ya babu zao. Ikabidi abebwe mgongoni hadi uani, kitanda kivunjwe mguu ndipo kitoke. Njiani wakakuta jirani yao Mkwera amejenga ua wa miiba katikati ya njia ya kilimani. Wakazunguka. Walipofika juu wakafungua pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa, ambao huliwa bila kupikwa, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba hakuna aliyebeba maji. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyebeba. Walikula pepeta kavu wakikohoa, na Bi Mwanamkuu, huku unga umemjaa midomoni, akacheka hadi machozi yakamtoka. Alikuwa hajacheka hivyo muda mrefu.

"Lini tena?" aliuliza wakati wa kurudi.

Sikujua alifurahi kusikia hivyo, lakini pia alikuwa ameogopa. Alikuwa ameuona mlango. Lau maji yangekuwa nyuma yao siku ile, mama yake angefia kizingitini.

Akamwomba mumewe apanue mlango, kwa sababu mama anapenda kutoka. Akampelekea Mkwera kapu la mihogo, akamwomba afungue upenyo kwenye ua wake, kwa sababu mama anapenda kutoka. Kila mtoto akapewa chake cha kubeba, na kila mtoto akakariri chake. Mkubwa kitanda pamoja na mama zake wadogo, anayemfuata kibuyu cha maji, mwingine chungu chenye kaa la moto lililofukiwa jivuni, mwingine mbuzi. Mdogo kabisa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, alipewa upawa, na ole wako umpokonye. Sikujua mwenyewe alishika kona yake ya kitanda, na kichwani akabeba kapu la mpunga wa mbegu. Watoto walipouliza mbegu za nini kwenye matembezi, aliwaambia zinahitaji kupigwa jua la kilimani.

Walienda tena, na tena. Mara mbuzi alilala chini katikati ya njia akagoma, ikajulikana kwamba mbuzi huyo lazima atangulie. Mara kaa lilizimika. Lakini wakawa wepesi, hadi ikafika Bi Mwanamkuu akisema tu "njaa," kitanda kinainuka. Kijiji kizima kiliwacheka. Waliwaita wahamaji bure. Wengine walianza kunong'ona neno lile la uchuro, lakini walitazamana, kwani ni nani angemwita mchuro mwanamke anayempunga upepo mama mkwe wake, na mama mkwe mwenyewe ndiye mlinzi wa Mgeni?

Masika ikaja. Siku hiyo Bondeni hapakunyesha hata tone. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, milimani, ambako mto unatoka. Mkumbukwa alikuwa msituni kukata mti wa mtumbwi. Jua likiwa utosini, maji yaligeuka rangi ya udongo, yakaanza kupita na povu. Kisha kikapita kinu. Kisha likapita paa zima la nyumba, na kuku amesimama juu yake.

Watu wa Bondeni walifanya walichofundishwa. Walifagia nyua. Walitandika mikeka. Walikaa milangoni wakisubiri maji yaguse vizingiti.

Sikujua aliingia ndani. Alikuwa ameshajitwisha kapu la mbegu. Alijua akitaja maji, mama yake hatakubali kuondoka. Atataka anawe kwanza, kama alivyonawa maisha yake yote.

"Mama," alisema, "twende tukale kilimani."

Bi Mwanamkuu alikuwa ameinua kichwa kitandani. Kupitia mlango ule uliopanuliwa aliuona ua wote, na mwisho wa ua aliona maji. Akamtazama mkwe wake, akaliona kapu la mbegu kichwani. Akatazama watoto: mkubwa kando ya kitanda na mama zake wadogo, mmoja na kibuyu, mmoja na chungu, mbuzi ameshatangulizwa, na yule mdogo na upawa wake kifuani. Watu wamesimulia kisa hiki miaka mingi, na wote wanafika hapa wanasitasita, kwa sababu hakuna anayejua bibi yule aliwaza nini.

"Leo tunakula nini?" aliuliza.

"Pepeta, mama."

"Maji mmebeba?"

"Tumebeba."

"Basi niinueni. Nina njaa."

Wakamwinua. Kitanda kilipita mlangoni bila kugusa popote. Na walipofika njiani, yule bibi akajiinua kwa kiwiko, akaanza kuita kwa sauti yake ile kali, nyumba kwa nyumba, kwa majina: "Mkwera! Njoo tukale kilimani! Mama Tunu! Beba watoto, njooni tukale!"

"Bibi, na Mgeni je?" Mkwera aliuliza, amesimama mlangoni na ufagio wake. "Yuko njiani anakuja!"

"Mgeni mwenye adabu akikuta wenyeji wametoka, anasubiri," Bi Mwanamkuu alisema. "Na mimi ninakualika chakula. Unakataa chakula changu?"

Hakuna aliyewahi kukataa chakula cha Bi Mwanamkuu. Waliinuka mmoja mmoja, kisha kwa makundi, kisha kwa mbio, wakapita kwenye upenyo wa ule ua wa miiba. Wa mwisho alipofika nusu ya mwinuko, maji yalikuwa yamefika kwenye nyumba ya kwanza. Hayakugusa kizingiti. Yaliibeba nyumba.

Jioni walihesabiana pale juu, na kila jina lililoitwa liliitikiwa. Mkumbukwa alifika akitokea upande wa msitu, ametapakaa matope, akalia aliposhika mguu wa mama yake. Pepeta haikutosha, lakini kila mtu alilamba kidogo. Moto uliwashwa kwa kaa la nyumba moja, na maji yalipokauka, mashamba yote yalipandwa mbegu za kapu moja.

Kabla usiku ule haujaingia, Bi Mwanamkuu alimwita mkwe wake akae karibu.

"Kumbe siku zote zile ulikuwa unanikimbiza," alisema.

"Nilikuwa nakupeleka kula, mama."

"Ulikuwa unanikimbiza. Tena mimi nacheka." Akamshika mkono, akaubana. "Asante, mwanangu."

Na palepale, mbele ya wazee wote, mlinzi wa Mgeni alisema neno la mwisho juu ya mapokezi. Alisema Mgeni ataheshimiwa na atashukuriwa kwa tope lake, lakini atashukuriwa tukiwa kilimani. Akasema pia kwamba kuanzia hapo mchuro atakuwa yule asiyejua cha kwake cha kubeba.

Tangu hapo, kabla ya kila masika, jua likiwa bado linawaka, watu wa Bondeni huhama bure. Ndiyo sababu milango yetu ni mipana namna hii, na ndiyo sababu hakuna anayejenga ua kwenye njia ya kilimani. Ndiyo sababu mtoto wa huku anajua mzigo wake kabla hajajua jina la baba yake vizuri. Na anayetangulia kutolewa ndani, kabla ya mbegu na kabla ya mbuzi, ni yule ambaye miguu imemkataa.

Mwaka huu ni mimi. Nimebeba wenzangu tangu nina nguvu za kuinua upawa, na leo ni mara yangu ya kwanza kulala kitandani nikitazama mbingu. Siogopi. Haya, ninyi wageni, acheni kucheka. Shikeni huo upande wa miguuni, na mwenzenu aulize maji yako kwa nani.