Pimbi Dobi na Kiboko Aliyedai Kazi Yote

Paukwa?

— Pakawa.

Pakawa chuo.

— Chuo cha nani?

Cha wanaochoka mchana na kusoma jioni.

— Hata sisi tumechoka.

Basi nusu ya mtihani mmeshaifaulu. Asanteni kwa kuja. Sogeeni karibu, na anayetaka kusinzia amsinzilie jirani yake, si mimi.

Hapo kale, wala si kale sana maana kompyuta zilikuwapo, palikuwa na chuo kikuu pembeni mwa pori, na chuo hicho kilikuwa na darasa la jioni la kompyuta. Wanyama wenye kazi zao walifanya kazi mchana, jua likiinama wakaenda kusoma. Mwalimu wa darasa hilo alikuwa Nungunungu. Alikuwa mpole, lakini hakuna aliyewahi kumpapasa mgongo.

Siku ya kuandikisha, Nungunungu alisimama mlangoni akatangaza masharti ya kuingia. Mwenye cheti, aje na cheti chenye mhuri. Asiye na cheti, aje na ushahidi wa kazi aliyoifanya kwa miaka, apewe jaribio, na akilishinda ataingia kwa kuangaliwa. Maana ya kuangaliwa ni kwamba akianguka kazi ya kwanza ya kundi, anatoka na harudi.

Wa kwanza kusogea alikuwa Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, asiye na mkia wa kujivunia. Pimbi alikuwa dobi. Mchana kutwa alifua nguo za wanyama mtoni, chwa-chwa-chwa, akazikamua, akazianika juu ya mawe. Cheti hakuwa nacho. Alinyoosha viganja vilivyokunjamana kwa sabuni, akasema huo ndio ushahidi wake. Nungunungu alivitazama viganja vile. Kisha akampa jaribio, na Pimbi akalishinda.

Siku hiyo Pimbi alirudi nyumbani akishukuru njia nzima. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Nungunungu, akamshukuru jirani yake Kanga aliyekubali kumwangalizia watoto kila jioni. Akamshukuru hata yule asiyemjua aliyetunga sharti la kuwapokea wasio na vyeti. Machozi yalimlengalenga. Tangu utoto aliambiwa shule imempita, kumbe ilikuwa imezunguka tu.

Nyuma yake, gudu, gudu, gudu, akaja Kiboko. Kiboko alikuwa mwenye mto. Hakuununua wala hakuurithi. Aliingia majini akawa mwenye mto, maana nani angemtoa? Sasa alikitaka kiti cha Mkuu wa Mito, kile kinachozunguka, na kiti hicho hakikaliwi bila cheti cha kompyuta. Akatoa cheti chake cha zamani, kimelowa chapachapa, herufi zote zimevuja, umebaki mhuri. Nungunungu alikigeuza huku na huku. Lakini sharti lilidai mhuri, halikudai ukavu. Kiboko akaingia.

Jioni ya kwanza Nungunungu akasoma kanuni za kupimwa. Alieleza kwamba kila kundi litatengeneza programu, na siku ya kuiwasilisha kila mmoja atataja sehemu iliyo yake.

"Anayedai sehemu, ataulizwa sehemu," alisema. "Akishindwa kuieleza, sehemu hiyo imekosa mwenyewe. Mwenzake wa kundi akiieleza, alama ni za mwenzake. Na mwenye cheti akianguka, atarudia kwa kufundishwa na mwenzake huyo."

Pimbi alisikiliza masikio wima. Kiboko alikuwa amekuja ameshiba majani, akakoroma, khoo, khoo, na kila alipovuta pumzi daftari za waliokaa mbele zilimfuata.

Makundi yalikuwa ya wawili wawili, na kura ikawaangukia Pimbi na Kiboko. Pimbi akatunga programu ya madobi. Sehemu ya kwanza inapokea nguo na kuandika ni za nani. Sehemu ya pili inatafuta furushi la mtu. Sehemu ya tatu inamkumbusha mwenye nguo aje azichukue. Alikosea akafuta, akakosea akauliza, akauliza akafuta, mpaka jioni moja programu ikaitika, na Pimbi akaishukuru kama mtu. Mchango wa Kiboko ulikuwa kukaa kitini. Kiti nacho kilivunjika, ka!, kwa hiyo hata hilo hakulimaliza.

Siku moja kabla ya kuwasilisha, Pimbi alikuwa mtoni anafua. Maji yakafanya shaaa, Kiboko akaibuka.

"Kesho nitasema kupokea ni kwangu na kutafuta ni kwangu," alisema. "Wewe chukua hiyo ya kukumbusha. Ukidai hata herufi moja katika zangu, hutafua tena kwenye mto huu."

Pimbi akapiga hesabu. Sehemu ile ya tatu ilikuwa ndogo, peke yake isingemfaulisha. Akidai haki yake, mto umefungwa, na watoto wake watakula nini? Akinyamaza, ameanguka, na darasa limefungwa. Alikwenda kwa Kanga akalia mpaka akanyamaza mwenyewe.

Kanga alimwonea huruma, lakini hakuona njia. "Shoga yangu," alisema, "mwenye nguvu mpishe."

Pimbi akafuta machozi. Akawaza: ndiyo, nimpishe. Lakini nimpishe apite aende mpaka wapi? Akaikumbuka kanuni ya Nungunungu, neno kwa neno, akaanza kutabasamu. Akamshukuru Kanga kwa ushauri, na Kanga hakujua ameshauri nini.

Kulipokucha Pimbi akaenda mtoni. Hakwenda na ugomvi, alikwenda na shukrani.

"Asante, Mzee," alisema. "Asante kwa mto wako, asante kwa kunifikiria. Lakini naona umejipunja."

Kiboko akachezesha masikio. Kujipunja kulikuwa ugonjwa asiowahi kuugua. "Nimejipunja wapi?"

"Mtu wa hadhi yako aiachie sehemu ya tatu dobi? Watasema Kiboko alishindwa kumaliza. Ichukue nayo. Mimi sitadai hata herufi. Naomba ruhusa moja tu: Mwalimu akikuuliza, ukaona uvivu kujibu, nikujibie."

Kiboko alifikiri kidogo, na kidogo ndicho kiasi alichozoea. "Utanijibia," akasema. "Wadogo ni wa nini?"

"Asante, Mzee."

Jioni ikafika. Nungunungu akauliza nani kafanya nini. Kiboko akasema kupokea ni kwake, kutafuta ni kwake, kukumbusha ni kwake. Pimbi akasema hadai kitu. Nungunungu alimtazama Pimbi, miiba ikamsimama kidogo, lakini kanuni ni kanuni. Akaanza na kupokea. Akamuuliza Kiboko programu inafanyaje wateja wawili wakiwa na jina moja.

Kiboko akafumbua kinywa. "Bwa-bwa-bwa," akasema.

"Sehemu hii imekosa mwenyewe," akasema Nungunungu. "Mwenzake anaweza kuieleza?"

Kiboko alidhani hayo ni maneno ya kawaida ya wasomi. Pimbi akamgeukia kwa adabu. "Mzee, nijibu?"

"Mjibu, mjibu."

"Asante, Mzee." Akaeleza kwamba kila mteja hupewa namba yake, kwa hiyo majina yakifanana namba hazifanani. Nungunungu akaandika.

Wakaja kwenye kutafuta. Nungunungu akauliza kwa nini programu inaanzia katikati ya orodha badala ya mwanzo.

"Bwa-bwa-bwa," akasema Kiboko.

"Sehemu hii imekosa mwenyewe. Mwenzake anaweza?"

"Mzee, nijibu?"

"Mjibu, mjibu."

"Asante, Mzee. Mwalimu, majina yamepangwa kwa herufi. Nikimtafuta Swala, nafungua katikati. Nikimkuta Mbuni, najua Swala yuko mbele, basi nusu yote ya nyuma naiacha. Iliyobaki naigawa tena katikati. Sina haja ya kufungua kila furushi."

Nungunungu akaandika tena, safari hii kwa mwandiko mzuri zaidi. Walipofika kwenye kukumbusha, Kiboko hakungoja hata swali liishe. Alishajiegemeza. "Mjibu," akasema, na Pimbi akashukuru, na Pimbi akajibu.

Kisha matokeo yakasomwa mbele ya wote. Pimbi amefaulu, amethibitishwa kuwa mwanafunzi. Kiboko amedai vyote, hajaeleza kimoja, atarudia. Na anayerudia ataieleza kazi ileile kwa kinywa chake, baada ya kufundishwa na mwenzake wa kundi. Asiye na wa kumfundisha jina lake linafutwa.

Kiboko akavuma, madirisha yakatetemeka. "Uliniahidi hutadai hata herufi."

"Sikudai, Mzee," akasema Pimbi. "Nilijibu ulichoniamuru nijibu. Na kila mara nilikushukuru."

Asubuhi Pimbi alikwenda mtoni na furushi kichwani. Kiboko alikuwa amesimama ukingoni, ameuziba wote.

"Leo hufui," akasema.

Pimbi akalitua furushi. Alitaka kusema neno la ujanja, likamtoka la kweli. "Basi asante kwa siku zote ulizoniacha nifue. Sabuni yangu ilipata povu kwenye maji yako, na kwa kufua hapa nilipata ushahidi wa kuingia chuoni. Sitalisahau hilo. Nitahamia chemchemi za huko milimani, Mzee. Ni mbali, sidhani kama nitapata wakati wa kuja kukufundisha."

Akajitwika furushi lake, akageuka.

Kiboko akakiona kile kiti kinachozunguka, kinazunguka kinakwenda zake. Akatazama maji. Akatazama mgongo mdogo unaondoka. Akasogea pembeni, na ukingo ukawa wazi.

"Fua," akasema kwa sauti ndogo. "Na mimi nifundishe."

"Asante, Mzee," akasema Pimbi, na moyo wake ulikuwa unashukuru kwelikweli, maana si kila siku mto hufunguka mbele ya dobi. Akaingia majini akaanza kufua. Chwa-chwa-chwa: gawa katikati. Chwa-chwa-chwa: tazama, acha nusu. Kiboko naye akajizamisha mpaka macho, akafuatisha: bwa-bwa-bwa.

Pimbi alihitimu, na watoto wake walimpigia vigelegele. Kiboko bado anarudia. Kanuni ilisema afundishwe, haikusema afundishwe haraka, na mto uko wazi hadi leo. Ndiyo maana mchana kutwa mnamwona kiboko majini, macho na masikio tu juu, anabwabwaja. Anakariri. Jua likizama hupanda ukingoni akaondoka, na wasiojua husema anakwenda kula majani. Wapi! Anawahi darasani.

Sasa funzo, maana mmelipia kwa masikio yenu. Ndugu zangu, kanuni za chuo ni ndefu, msijichoshe kuzisoma. Zikisomwa, koromeni. Kisha daini kila kitu, na mkiulizwa, tafuteni dobi awajibie. Na msisahau kumshukuru, maana yeye hatasahau kuwashukuru ninyi.

Nami nawashukuru. Hadithi ikiwa tamu, alama ni za kundi zima. Ikiwa chachu, nipeni mimi peke yangu, nitarudia.