Hondohondo na Ngano Isiyojibiwa

Nina mzigo kichwani!

Utue!

Haya, nautua. Najua mmezoea paukwa na pakawa, lakini ngano ya leo inatoka kwenye jabali wanakoishi pimbi, na kule ndivyo wanavyoitana. Msimuliaji husema ana mzigo, wasikilizaji humwambia autue. Basi leo tufanye kama wao. Wewe Mwanakheri, mguu wako uko juu ya tumbo la mwenzako, hebu uondoe. Na nyinyi mama zao mliosimama hapo mlangoni mkijifanya mnatafuta kandambili, ketini tu. Ngano hii inawahusu nyinyi kuliko hawa wadogo.

Hapo kale, kale sana, twiga alipokuwa bado hajaizoea shingo yake, aliishi Mama Pimbi ndani ya pango dogo kwenye jabali. Mnamjua pimbi? Ni mnyama mdogo, mnene, hana mkia, na ukimwona ameota jua juu ya jiwe utadhani ni jiwe jingine. Mama Pimbi alikuwa na watoto watatu. Wa mwisho aliitwa Chembe, kwa sababu alikuwa mdogo kupita kiasi.

Watoto wale walikuwa wazuri, lakini walikuwa na jambo moja. Hawakulala.

Sasa nyinyi mnacheka. Kwa Mama Pimbi halikuwa jambo la kuchekesha. Mchana hakuweza kwenda malishoni, kwa kuwa Tai alikuwa juu angani na macho yake yanaona hata chungu akipiga chafya. Ilibidi aende jua likishazama. Lakini jua likizama, Chui naye huanza matembezi yake, na kila siku hupita chini ya jabali lile, masikio wima. Watoto wakilala, pango linakuwa kimya na Chui anapita zake. Watoto wakiwa macho, wanalia, wanaitana, wanatoka nje kumtafuta mama yao.

Kwa hiyo watoto wasipolala, Mama Pimbi haondoki. Asipoondoka, hali. Asipokula, maziwa yanapungua. Na maziwa yalikuwa yanapungua kweli. Mama Pimbi alikonda mpaka mbavu zikaonekana, na watoto wakaanza kunyonya na kulia hapohapo wakiwa wananyonya.

Basi akasikia habari za Hondohondo. Hondohondo ndiye aliyekuwa msimuliaji mkubwa wa pori zima. Ni ndege mwenye mdomo mkubwa, ana sauti kubwa, na maringo yake yalikuwa makubwa kuliko vyote viwili. Akisema ana mzigo, pori zima linaitika utue, hata majani yanatikisika. Hakuwahi kusimulia akakosa kujibiwa.

Mama Pimbi akamwendea alfajiri, akamwamkia, akamweleza shida yake yote. Akamwomba aje jioni awasimulie wanawe ngano ya kuwalaza.

Hondohondo akajinyoosha manyoya. Akasema hilo dogo, atakuja, na watoto hao wataisahau hata njaa.

Jioni ya kwanza akaja. Akatua mlangoni mwa pango, akapaza sauti.

"Nina mzigo!"

"Utue!" wakajibu watoto, wakaruka juu wote watatu.

Hondohondo akawasimulia vita vya Tembo na Kifaru walivyogombania dimbwi. Akakanyaga kama Tembo, akafoka kama Kifaru, akaangusha miti. Ngano ilikuwa tamu, siwezi kumnyima haki yake. Ilipokwisha, watoto wakagawana: mmoja Tembo, mmoja Kifaru, na Chembe akawa dimbwi. Wakapigana mpaka wakachubuana. Mama Pimbi hakuondoka. Akalala njaa.

Jioni ya pili Hondohondo akarudi. Akasema jana aliwachangamsha mno, leo atawatuliza. Akawasimulia habari za zimwi lenye jicho moja linalokaa ndani kabisa ya pango, kule nyuma kwenye giza. Watoto wakatulia kweli, wakatulia tuli. Mama Pimbi akaanza kunyata kuelekea mlangoni. Mara Chembe akauliza kwa sauti ya kutetemeka kama pango hilo ni kama hili letu. Hondohondo, kwa kuipenda ngano yake, akasema ndiyo, ni kama hili hasa. Basi tena. Walilia mpaka wakapaliwa, wakamng'ang'ania mama yao, huyu shingoni, huyu tumboni. Mama Pimbi hakuondoka. Akalala njaa.

Jioni ya tatu Hondohondo akaja na sura ya ualimu. Akasema watoto hawa wanahitaji mafunzo. Akawasimulia habari za mtoto wa sungura aliyekataa kulala, mpaka masikio yake yakadondoka. Alipomaliza, akawaambia mafunzo ni kwamba mtoto asiyelala hupoteza masikio, kwa hiyo laleni.

Lakini mtoto mdogo ukimpa mafunzo, umempa maswali. Masikio yalidondokea wapi? Aliyaokota nani? Yalidondoka yote mawili pamoja au moja moja? Na kama hana masikio, alisikiaje mama yake akimwambia alale? Hondohondo akajibu hili, akajibu lile, akachoka. Naona mama mmoja hapo mlangoni ananitazama kwa jicho la pembeni. Mwenyewe anajijua. Mama Pimbi hakuondoka. Akalala njaa.

Asubuhi yake, watoto wakanyonya na hakikutoka kitu. Hapo Mama Pimbi akaona aibu haina kazi tena. Akamwita Hondohondo kando.

"Kaka yangu, unasimulia vizuri," akamwambia. "Lakini unajisimulia mwenyewe. Wewe unangoja wakujibu. Mimi nangoja wanyamaze."

Hondohondo akakasirika mpaka manyoya yakamsimama. Yeye, msimuliaji wa pori zima, aambiwe hivyo na mnyama asiye hata na mkia. Akaruka, akaenda zake, akakaa juu ya mti wake akinung'unika. Lakini maneno yale yalimkaa rohoni. Akigeuka huku, yapo. Akigeuka kule, yapo. Jua halijafika utosini, akarudi jabalini mwenyewe bila kuitwa.

Akamkuta Chembe amekaa kwenye kivuli cha jiwe, amechoka, kichwa kinasinzia na yeye anakizuia. Safari hii Hondohondo hakusimulia kitu. Aliuliza.

"Chembe, mbona hutaki kulala?"

"Nikilala, mama anaondoka," akasema Chembe. "Sijui anaenda wapi, mjomba. Sijui kama anarudi."

 Jioni zote tatu Hondohondo amefika na mizigo yake mikubwa, vita, mazimwi, mafunzo, na kumbe mtoto ana mzigo wake mwenyewe na hakuna aliyemwambia autue. Nawaambia kweli, alisikia haya usoni, na ndege mwenye mdomo ule akiona haya, haya hiyo ni kubwa.

Akaenda kwa Mama Pimbi, akamwomba radhi, akamuuliza akienda malishoni hupita wapi. Mama Pimbi akamwonyesha kila kitu kutoka mlangoni mwa pango. Hondohondo akakitazama chote vizuri, kisha akangoja jioni.

Jioni hiyo hakusimama mlangoni. Aliingia ndani, akakaa chini karibu nao, akaikunja ile sauti yake kubwa akaifanya ndogo.

"Nina mzigo," akasema.

"Utue," wakajibu watoto. Naye alivyosema polepole, nao wakajibu polepole.

"Palikuwa na pimbi mdogo, na mama yake. Jua likazama. Mama akasema, naenda kula, nitarudi. Akapita jiwe bapa. Akapita mkwaju. Akafika majanini. Akala, akala, akashiba. Akageuka. Akapita mkwaju. Akapita jiwe bapa. Akafika mlangoni. Akasema, nimerudi."

Watoto wakamtazama. Hakuna aliyeruka, hakuna aliyelia. Chembe akamwomba arudie.

Akarudia. Jiwe bapa, mkwaju, majanini, mkwaju, jiwe bapa, mlangoni. Nimerudi.

Tena, mjomba.

Akarudia tena. Sasa mnajua mtu akizoea kusifiwa anavyokuwa. Ngano ile ilianza kumchosha mwenyewe. Aliona haina chumvi. Basi aliporudia mara nyingine akatia kidogo tu: akasema mama alipofika kwenye mkwaju akirudi, akamkuta Simba.

Chembe akainua kichwa, macho mawili wazi.

"Hapana, mjomba. Hakuna Simba. Baada ya mkwaju ni jiwe bapa."

 Hondohondo akamtoa Simba kwenye ngano, akamrudishia mtoto jiwe bapa lake. Chembe akalaza kichwa. Wa kwanza akaanza kuvuta pumzi za usingizi, wa pili akamfuata. Mama Pimbi akasimama taratibu. Akamwambia Chembe sikioni kwamba anaenda kula na atarudi. Chembe akamjibu kwa usingizi kwamba anajua, anapita jiwe bapa. Mama Pimbi akatoka.

Akabaki Hondohondo. Akasimulia mara moja zaidi, sauti ikipungua, ikipungua, mpaka ikawa pumzi. Alipomaliza, akaita kidogo.

"Nina mzigo."

"Utue," akanong'ona Chembe.

"Nina mzigo."

Kimya.

Akaita tena. Kimya vilevile.

Jamani, tangu atoke kwenye yai Hondohondo hajawahi kukosa jibu. Kilimchoma moyoni. Akasahau njaa ya Mama Pimbi, akasahau haya yake ya mchana, akaona tu kwamba amesimulia na amedharauliwa. Akatoka mlangoni, akavuta pumzi, akaufungua ule mdomo wote aite kwa sauti yake yote mpaka watoto waamke wamjibu.

Mdomo ukiwa wazi, akasikia jani kavu likivunjika chini ya jabali.

Ni Chui. Amesimama palepale chini, mguu mmoja ameuinua, masikio wima. Anasikiliza. Hondohondo hakuthubutu hata kuufunga mdomo. Akabaki hivyo, mdomo wazi, hewa imemjaa kifuani. Ndani ya pango hakuna kilio. Hakuna anayeita mama. Hakuna Tembo wala Kifaru wala zimwi. Watoto watatu wamelala, na kimya chao ni kinene kuliko ukuta.

Chui akanusa, upepo ukamnyima harufu. Akasikiliza tena. Akasema moyoni kwamba hapa siku hizi hakuna mtu, wamehama. Akashusha mguu, akateremka upande wa bondeni, mbali na majani alikokuwa Mama Pimbi, akaenda zake.

Hapo ndipo Hondohondo akafunga mdomo. Akarudi ndani, akakaa palepale mlangoni. Akawatazama wale watoto wanavyopumua. Akafikiri kwamba kama wangeamka wakamjibu, hata mara moja tu, asingekuwa na wa kuwasimulia kesho. Machozi yakamtoka, na hakuwa na aibu nayo.

Baadaye akamwona Mama Pimbi anarudi. Akapita mkwaju. Akapita jiwe bapa. Akafika mlangoni, tumbo limejaa, maziwa yamejaa.

"Nimerudi," akasema Mama Pimbi kwa sauti ndogo.

Na Chembe, macho yamefumba, usingizi umemshika hasa, akajibu.

"Utue."

Mama Pimbi akajilaza katikati yao, akautua mzigo wake wa maziwa, na watoto wakanyonya bila kuamka.

Tangu siku ile Hondohondo alikuja kila jioni. Alisimulia ngano ileile, njia ileile, jiwe lilelile. Mbele ya wanyama wakubwa aliendelea kunguruma na vita vyake, maana wakubwa wanavipenda. Lakini alipoulizwa ni wapi alipopata sifa kubwa kuliko zote, alisema ni kwenye pango moja dogo, ambako hakuna aliyemjibu.

Basi mafunzo ni haya, na nayasema kwenu nyinyi wa mlangoni, kwa kuwa hawa wadogo hawayahitaji. Ngano ya kumlaza mtoto usiipime kwa kelele zake. Muulize kwanza anaogopa nini, kisha umtengenezee njia anayoijua, uende naye polepole, na umrudishe nyumbani. Akitaka irudiwe, irudie. Akikwambia hakuna Simba, basi hakuna Simba. Na hata uchoke namna gani, usisahau kumrudisha mama mlangoni.

Haya. Nina mzigo.

Utue.

Sauti zimepungua. Mwanakheri, wewe bado? Nina mzigo.

Utue...

Nina mzigo.

Nyinyi wa mlangoni, msinijibu. Nimesema msinijibu. Punguzeni taa, mnyanyue kandambili zenu taratibu. Ngano nimeitua hapa. Aliye macho na aibebe, aliyelala keshaibeba.