Sange na Maiki ya Waya Mfupi

Haloo, haloo! Mnanisikia?
— Tunakusikia!
Masikio mmeyaosha?
— Tumeyaosha!
Na midomo je?
— Tumeifunga!
Waongo nyie. Haya, sikilizeni hivyo hivyo.

Palikuwa na Kiboko, mwenye kundi la kuimba kwenye harusi. Mwili nyumba, mdomo mlango. Na palikuwa na Sange, kale kanyama kadogo ka vichakani, pua ndefu kama mrija. Sange ndiye fundi mitambo wa kundi. Kubeba spika, yeye. Kufunga nyaya, yeye. Na nyimbo, niseme nisiseme? Alitunga yeye, Kiboko akaziimba na kuziita zake. Mimi sikuwepo, niliambiwa na Kanga aliyekuwa akipika pilau, na Kanga haongopi ila akiwa na njaa.

Kila harusi Sange aliomba, "Bi Mkubwa, leo niachie maiki niimbe wimbo mmoja."

Kila harusi Kiboko alijibu, "Bado, mwanangu. Kwanza nishibe mimi."

Kisha anaishika maiki kichwani, gamu! Kiganja chote, asije mtu akamnyang'anya.

Ikafika harusi ya Somoe, binti wa pekee wa Sange. Somoe anaolewa mbali, ng'ambo ya msitu, na kwa vile vijiguu vyao, kuja kusalimiana tena ni ndoto. Mama mtu alikuwa ametunga wimbo wa kumuaga.

"Bi Mkubwa, huyu ni mwanangu. Wimbo mmoja tu."

"Mwanao ndiyo nini? Watu wamekuja kunisikia mimi!"

Sange akageuka. Akaenda kwenye sanduku la maiki. Zilikuwamo mbili. Ya kwanza nyeusi, imebonyea, ina waya. Hiyo ni nzito ya masikio: haisikii ila mdomo ulioisogelea. Kwenye jukwaa lenye ngoma na spika, fundi anayejua kazi anachukua hiyo. Ya pili ya rangi ya fedha, haina waya, inang'aa kama kijiko cha mgeni. Hiyo ina umbea kama mimi: inasikia ngoma, inasikia spika, inasikia jirani anavyojikuna mgongo. Tena ukiikaba kichwa mbele ya spika, inalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango.

Sange akaikumbatia ile ya fedha. "Bi Mkubwa, chukua nyingine, hii niachie mimi!"

"Ati nini? Kizuri hiki ushike wewe, na kapua hako?"

Nyaku! Kiboko akaichukua. Sange akacheka kimoyomoyo.

Ngoma ikalia: ndu-ndu-pa! Kiboko akapanda jukwaani, akaishika maiki kichwani, gamu! Akafunua mdomo.

Wiiiiiii!

Wageni wakaziba masikio. Kiboko akazidi kukaza mkono.

Wiiiiiii!

Mama wa bwana harusi akadondosha sahani ya sambusa. "Fundi! Fundi gani huyu?" Ndivyo walivyo watu. Maiki ikilia, hakuna anayemtazama aliyeishika.

Sange, nyuma ya spika, akabonyeza kitufe. Maiki ya fedha ikafa, kimya. Akaichukua nyeusi, akaisogeza mdomoni, akaanza kujitokeza mbele ili aonekane. Hatua moja, hatua mbili, waya ukavutika: tii! Mfupi. Alikuwa amechagua kwa ajili ya masikio, macho akayasahau. Basi akaimba pale pale, nyuma ya spika:

"Nenda, Somoe, kiota chako sikifagii,
unyayo wako wa mwisho naulinda na upepo."

Wageni wakayaachia masikio. Wazee wakalia. Na Kiboko huko mbele, asiyejua kuwa maiki yake imekufa, kafunua mdomo, anatikisa kichwa, anasikia sauti tamu na kuamini ni yake.

Wimbo ulipoisha Sange akatupa maiki, akaruka mbele. "Ni mimi! Nimeimba mimi!" Lakini bila maiki, sauti ya Sange ni chawa anapiga chafya. Vigelegele vikamfunika. Somoe akampita, machozi tele, akaukumbatia mguu wa Kiboko.

"Shangazi, umeniimbia kama mama. Mama yangu kutwa na nyaya, hata kuniaga hakuja."

Watu wa bwana harusi wakamchukua Somoe, wakaenda naye. Na Kiboko akamfukuza Sange kazi, kwa kuwapigia wageni kelele.

Ndiyo maana mpaka leo Kiboko akiwa majini hutikisa masikio: ile wiiii bado imo. Na Sange anapekua majani na pua yake kutwa kucha. Waliosoma wanasema anatafuta wadudu. Thubutu! Anatafuta waya mrefu.

Na funzo, wajukuu zangu: fanyeni kazi kwa bidii, imbeni vizuri, mtatambulika.
— Tutatambulika!
Ehe, hivyo hivyo. Mtambo nimeuzima. Anayeipenda hadithi hii aichukue, akaisimulie, aseme katunga yeye.