Mtaro Uliotangulia Kibali

Asiyeuliza akichimba, atauliza akifukia. Mmemsikia fundi akiisema methali hiyo asubuhi, na sasa mnanizunguka mkitaka kujua imetoka wapi. Mmekuja kwa mwenyewe. Mimi, mzee wenu wa miaka ishirini na mbili mwenye cheti cha kidato cha nne, ndiye niliyemshauri shangazi Tusekile asiguse ardhi bila kibali. Kaeni. Chanzo chake ni hiki.

Kabla ya hii nyumba ya mikate kusimama, hapa palikuwa na majani na mifuko arobaini ya saruji chini ya turubai. Shangazi aliuza ng'ombe wake wawili kuinunua. Na huku kwetu Tukuyu mvua haibishi hodi. Saruji ikilowa inageuka jiwe, na ng'ombe hawarudi.

Majirani walimwambia aanze tu, kibali kitamkuta mbele. Akakataa. Akachorewa ramani, akapata barua ya mwenyekiti wa mtaa, akabeba na karatasi za kiwanja mpaka halmashauri. Faili likaanza safari ya meza kwa meza. Afisa afya akauliza moshi wa tanuri utatokea wapi. Mhandisi akasema nguzo za kona ni nyembamba. Mwingine angenuna. Shangazi kila meza aliuliza wanataka nini na kwa nini, akaandika kwenye daftari, akarudi kwa mchoraji. Mara nne! Mimi mara ya pili tu ningeshagombana na mlinzi wa getini.

Sasa, palikuwa na kijana mmoja mtaani, jina limenitoka. Jasiri, sura nzuri, ila subira hana. Alipoona wingu limekaa juu ya mlima Rungwe, akaamua kumsaidia mama wa watu. Shangazi akishinda halmashauri bila kupita kiwanjani, yeye alishika sululu akachimba msingi siku mbili, akipima kwa hatua za miguu.

Siku ya tatu afisa mipango miji akaja na shangazi kukagua kiwanja, maana faili haliendi kwenye kikao cha vibali kabla kiwanja hakijaonekana. Wakakuta mtaro. Afisa akavuta futi kamba, akainama, akapangusa udongo. Bomba la maji. Lile linalokwenda zahanati. Sululu ilibakiza kiganja kimoja kulipasua.

"Mama, nani amekuruhusu kuanza?"

Kikao kilikuwa keshokutwa. Faili likirudishwa, lingesubiri mwezi mzima, na mvua isingesubiri.

Shangazi hakumtaja mtu. "Kiwanja changu, kosa langu, baba. Nikifukia leo, ukaja kesho ukakuta pako kama palivyokuwa, utaandika nini?"

Afisa alilitazama turubai, kisha lile daftari. "Nitaandika yote mawili. Kwamba palichimbwa, na kwamba umefukia mwenyewe. Na jengo lisogee mita mbili. Kikao kitaamua."

Kijana akafukia mpaka jua linazama. Hapo ndipo maswali yalipomjia. Bomba linapita wapi? Mpaka wa jirani unaachwa hatua ngapi? Mbona hatukuambiwa? Shangazi akamjibu moja moja kutoka daftarini, bila kufoka, halafu akaitamka hiyo methali. Keshokutwa yake kikao kikapitisha. Msingi mpya ukachimbwa mita mbili pembeni, na mvua ya kwanza ilikuta saruji yote imeshaingia ukutani. Nawaambia, mhandisi mwenyewe siku hizi huwatuma watu kwa shangazi wakajifunze kuomba kibali.

Hapo mtoto mmoja kati ya walionizunguka akaniuliza mimi nilikuwa wapi muda wote huo. Nikasema nilikuwa pembeni, nikishauri.

Shangazi alikuwa mlangoni na trei ya mikate, sijui tangu saa ngapi.

"Jina limekutoka?" akasema. "Mimi sijalisahau. Viganja vyake nilivipaka samli wiki nzima kwa malengelenge. Akalia kama mtoto, na ndevu zimeshaota." Akaweka trei chini. "Ambakisye, wafungulie wadogo zako mkono waone lile kovu."

Nikafungua mkono. Wakainama wote.

"Haya," shangazi akawaambia, "sasa isemeni kama alivyoisikia akiwa shimoni."

Wakaisema kwa pamoja, huku wakinitazama: asiyeuliza akichimba, atauliza akifukia.