Matanga ya Nsimire

Mwanamke mmoja alikuwa na msiba ambao hakuna jirani aliyeujua. Jina lake Nabintu. Alikuwa amekimbia vita kwao Kongo, upande wa Bukavu, akaja kuishi Kitale, akapata kazi ya cherehani katika karakana ya kushona sare za shule.

Siku ya kwanza kazini aliulizwa hali. Akajibu kwa Kiswahili cha kwao, "Niko muzuri." Wenzake wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kicheko kile kilimfuata mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo akawa anajibu kwa kutikisa kichwa. Miaka sita alishona hivyo. Kola zake zilinyooka kuliko za mtu mwingine yeyote, na wanawake wakawa wanasema, "Yule mkimbizi anaringa." Hakuwa akiringa. Alikuwa amebeba.

Nitawaambia alichobeba. Siku ya nne ya kukimbia, binti yake wa miaka mitatu alishikwa na homa, akafia mgongoni mwake. Jembe hakuwa nalo. Nabintu alichimba kwa mfuniko wa sufuria, akamlaza mtoto, na kwa kuwa milio ya bunduki ilikuwa ikikaribia, hakupata hata nafasi ya kuweka jiwe. Akaendelea na safari. Hakulia, maana anayekimbia halii. Na alipofika mahali ambapo angeweza kulia, hapakuwa na mtu wa kumwambia analilia nini.

Ikatokea kwamba Nyaboke, aliyekuwa akishona vifungo meza ya pili, alifiwa na mtoto mchanga. Aliporudi kazini baada ya mazishi, mikono ilikataa. Alishika sindano, sindano ikaanguka. Akaishika tena, ikaanguka tena. Wenzake wakamzunguka, wakamwambia yale tunayowaambia wafiwa tunapotaka wanyamaze: kwamba yeye bado kijana, kwamba atapata mwingine.

Nabintu akasimamisha cherehani. Aliogopa, kwa sababu alijua jinsi maneno yake yatakavyosikika. Hata hivyo aliinuka, akaenda akapiga magoti mbele ya Nyaboke, akasema mbele ya wote: "Na mimi nilizika mutoto, dada. Njiani. Na kaburi yake siijue iko wapi."

Hakuna aliyecheka.

Nyaboke akamshika mkono. "Aliitwa nani?" akauliza.

Katika miaka yote sita hakuna aliyewahi kumuuliza Nabintu swali hilo. Akasema, "Nsimire." Jina lilipomtoka, kilio kikalifuata, na Nyaboke, ambaye ndiye aliyekuwa mfiwa, akamkumbatia.

Jumamosi iliyofuata, bila kuagizwa na mchungaji wala chifu, wanawake wa karakana walikwenda nyumbani kwa Nabintu na unga, sukari na majani ya chai. Walitandika mikeka, wakakaa matanga ya mtoto ambaye hawakumwona kamwe. Waliimba. Walilitaja jina lake katika sala. Jerotich, msimamizi wao, ambaye siku ile ya kwanza alicheka kuliko wote, alisimama akaomba msamaha. Kisha hakuketi. Akiwa amesimama vilevile, aliwaambia kwamba mume wake, ambaye yeye Jerotich husema kila mara kuwa yuko kazini Mombasa, alimwacha miaka mitatu iliyopita, na kwamba amechoka kudanganya. Wakamsogezea nafasi kwenye mkeka.

Msinielewe vibaya. Nabintu hakuondoka matangani akiwa amepona. Bado hajui kaburi liko wapi, na zipo asubuhi anazoamka akiwa na uzito mgongoni. Lakini sasa akizidiwa, anazima cherehani na kusema, na kuna mtu wa kusikia.

Mwaka huu amefika karakanani mwanamke kutoka Burundi asiyezungumza na mtu. Wengine wameanza kunong'ona juu yake. Nabintu ndiye anayeketi naye wakati wa chai. Hamhoji. Anamsimulia habari za Nsimire, jinsi alivyopenda kuvaa viatu vya watu wazima, kisha ananyamaza na kungoja.

Basi nawauliza, ninyi mlioketi hapa mmevaa vizuri: ni nani atakayekuja kukaa matanga nanyi, ikiwa mmemficha kwamba mmefiwa?