Njia ya Kwenda Kiotani

Mtu mmoja aliyeitwa Bwire alikuwa mtunzaji wa hifadhi ndogo ya ndege kando ya ziwa. Hapakuwa na mengi pale: mafunjo marefu kuliko mtu, tope jeusi, maji yaliyotulia, na mnara wa mbao ambao wageni walipanda na darubini zao ili watazame ndege bila kuwasogelea. Kwa miaka mingi korongo wenye taji hawakuwa wametaga mahali pale. Kisha, masika moja, dume na jike walitua katikati ya mafunjo, wakalaza nyasi, wakajenga kiota.

Bwire alifurahi siku ile moja tu. Kesho yake alianza kuogopa. Aliogopa mbwa wa wavuvi, aliogopa maji kupanda, aliogopa tai. Kutoka mnarani aliliona taji la dhahabu likichungulia juu ya nyasi, lakini mayai hakuyaona, na kile asichokiona kilimnyima usingizi. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini. Korongo aliruka kando akalia. Bwire akainama, akayakuta mayai mazima, akarudi moyo umetulia. Utulivu ule haukufika jioni.

Basi akawa anakwenda kila asubuhi. Baadaye akawa anakwenda na jioni pia. Wageni walimtania. Bibi mmoja aliyekuja kutoka mjini alimwuliza, "Baba, hawa ndege umewaoa?" Bwire akacheka naye, na bibi alipoondoka akaenda tena.

Mkewe, Nyangeta, alimngoja ukingoni na ndoo ya maji ya kunawa tope.

"Mama yangu alilala hoi mwezi mzima," alisema, "hukumjulia hali namna hii."

"Mama yako alikuwa na watu. Hawa wana nani?"

"Wana mafunjo," akasema Nyangeta.

Bwire alinawa miguu, akavaa viatu.

Mwanzoni mafunjo yalikuwa yakiinuka nyuma yake na kujifunga, pasijulikane alikopita. Lakini kwa kukanyagwa kila siku yalichoka. Mashina yalivunjika yakalala, tope likashindiliwa, na pakawa na kichochoro kilichonyooka kutoka nchi kavu mpaka kiotani. Bwire alikiona, akashukuru, kwa kuwa sasa alifika upesi.

Asubuhi moja hakusikia mlio. Kiotani alikuta maganda na ute uliokauka juu ya nyasi. Korongo walikuwa wamesimama mbali majini, kimya. Bwire alizunguka kiota akitafuta adui alikopitia, na kila upande mafunjo yalikuwa yamesimama kama siku zote. Ndipo akatazama chini. Nyayo za kenge, pamoja na mstari wa mkia wake, zilikuwa zimepita juu ya nyayo zake mwenyewe, toka nchi kavu hadi mahali aliposimama, bila kupinda popote.

Msimcheke Bwire. Hakwenda kule kwa ubaya, na yeyote aliyewahi kupenda kitu asichoweza kukilinda anaijua miguu ile.

Masika yaliyofuata korongo walirudi, wakaenda kujificha ndani zaidi. Safari hii Bwire alipanda mnarani pamoja na wageni. Taji lilitokeza, likazama, likakawia kutokeza. Viatu vyake vilikuwa miguuni, na mikono yake ilishika ubao wa mnara hata vidole vikafa ganzi. Aliporudi nyumbani Nyangeta alimwuliza kama mayai yapo.

"Sijui," akasema.

Alilala na neno hilo, akaamka nalo. Hofu yake haikupungua hata kidogo. Ila kichochoro kile kilianza kuota mafunjo machanga.

Nanyi mnaompigia simu mtoto kabla hajaamka, mnaopekua mifuko ya mwenzenu akiwa anaoga, mnaomwuliza rafiki kila siku kama bado ni rafiki, nawauliza: njia mliyoikanyaga kwa hofu mpaka ikawa nyeupe, ni nani mwingine anayeipita mkishageuka kurudi?