Mayai ya Barazani

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu. Leo nina hasira.

Paukwa!

PAKAWA!

Kale na kale, kijiji kimoja kiliingiwa na ugonjwa wa kuhara. Watoto waliharisha, wakaharisha, kisha kuhara kukakoma. Watu wakasema, Alhamdulillahi, wamepona.

Hawakupona. Walikonda. Walikunywa uji wa maji, fyu, fyu, wakakonda.

Na kuku walikuwapo! Walitaga, kokoko, kokoko. Lakini mayai yote yalipelekwa barazani kila Ijumaa, wakayala wazee wa kiume. Mtoto akila yai, walisema, atakuwa mwizi.

Bibi Siwema alikuwa na wajukuu wawili, Sudi na Mashavu. Sudi alikunywa uji wa maji siku ishirini. Siku ya ishirini na moja akazikwa.

Ijumaa iliyofuata, Siwema akaenda barazani.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam," akajibu Mzee Mngwali, mkubwa wao. "Umeleta mayai?"

"Nimekuja kuyachukua."

"Mama we! Unataka kulea mwizi?"

"Sudi hakula hata moja. Niitie basi huyo mtu mwema, atoke kaburini."

Wazee wakaitazama sahani ya mayai mbele yao. Siwema akaendelea:

"Nyumba zetu za udongo, masika yakipita, kuta huliwa. Mnazikandika kwa maji matupu?"

"Kwa udongo mzito," akanong'ona mmoja.

"Na tumbo la mtoto limeliwa ndani vilevile! Litajijenga kwa maji? Mungu amempa kuku yai. Hakuandika juu yake jina la Mngwali."

"Siwema, hii ni mila," akasema Mngwali.

"Ninyi mmekula miaka yote. Wezi ni nani?"

Akabeba sahani. Hakuna aliyenyanyuka.

Nyumbani akachemsha yai, akalimenya, akaliponda, akalitia kwenye uji. Kesho tena. Keshokutwa dagaa waliosagwa. Kisha kunde. Mashavu, aliyekuwa hoi kitandani, akakaa. Akasimama. Akatembea, ti, ti, ti.

Ijumaa ya saba akapita barazani mbio, yai mkononi.

"Mwizi huyo!" akacheka Mngwali.

Siwema, aliyemfuata nyuma, hakucheka.

"Wangekuwa wawili," alisema.

Mngwali akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo, sahani ya barazani ilikaa tupu.

Sikilizeni basi. Kuhara kukikoma, msiseme mtoto amepona. Mpeni cha kujenga tumbo. Na mila inayozika watoto, ikataeni kabla ya kaburi, si baada yake.

Hadithi yangu naitua hapa. Nendeni mkatazame viota vya kuku wenu.